Kigoda cha Kinduwe

Hapo zamani, katika nchi ya Mabonde Saba, kila lugha ilikuwa na kigoda chake. Mahali kigoda kilipokaa, na mtu akakikalia, ndipo mchora ramani wa mfalme alipoandika jina la lugha hiyo.

Kigoda cha Kinduwe alikikalia Bi Kiluwa. Wengine wote bondeni walikwisha kuhamia Kidara, lugha ya sokoni. Siku moja mchora ramani akaja, akamwambia, "Bibi, umri umekwenda. Nitajie mrithi leo, la sivyo nalipaka bonde lako rangi ya Kidara."

Bi Kiluwa aliogopa. Akilini aliwaona marehemu mama yake na mama wa mama yake wakipakwa rangi ile. Akanong'ona kwa Kinduwe kwamba koo limemkauka.

Tenga, mtoto wa mdogo wake, akainuka bila neno, akarudi na kibuyu cha maji. Sihaba, binti yake aliyeolewa mbali huko Kirano, akakipokea. "Mama, kunywa *shuve*."

Dukwe, fundi viatu mgeni, akacheka. "*Tondo*, dada! *Shuve* ni maji yanayokuja, *shuvo* ni yanayokwenda. Ya kibuyuni yametulia, ni *tondo*. Kinduwe hakina neno moja la maji."

"Kirano hakuna mto, bwana viatu," Sihaba akajibu. "Watoto wangu sita huita yote *shuve*, na kiu inawaisha. Wanagombana kwa Kinduwe, wanaota kwa Kinduwe. Wewe unagombana na nani?"

"Na kitabu changu," Dukwe akasema, sasa bila kucheka. "Miaka tisa nimekaa miguuni pa bibi. Kila neno nimeliandika kama alivyolitamka. Mimi si wa ukoo, najua. Lakini nisingeandika, hata wewe leo usingesahihishwa." Akamgeukia Tenga. "Na wewe, bubu wa bonde?"

Tenga akajibu kwa Kidara, akitazama chini. "Utotoni nilichekwa sokoni, ulimi ukagoma. Kinduwe changu kiko masikioni. Lakini ninyi wawili mmesikia koo limekauka, mkabaki mmekaa. Miaka ishirini sasa namsikiliza; mama mkubwa hajasema na ukuta."

Bi Kiluwa akanywa. Maji yalikuwa baridi, kama anavyoyapenda. Akamtazama binti yake, ambaye watoto wake wangekosea neno *tondo* maisha yao yote, kwa furaha. Akamtazama mgeni, aliyelijua vyema na asiye na wa kumwambia. Akamtazama Tenga, ambaye hangelitamka kamwe.

Kisha, taratibu, akainuka. Kigoda kikabaki kitupu katikati yao, bado kina joto lake. Mchora ramani akachovya kalamu.

Haya, ninyi mliokaa kunisikiliza, wino unadondoka: je, nani alistahili kukikalia?