Fisi Aliyepozwa Kwenye Jivu

Hadithi imefika, iko hapo nje na kikapu chake!

Ipokeeni, itue mzigo!

Haya, naitua. Lakini kabla haijatua, Bi Mwanakheri hapa mbele ameninong'oneza, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, kwamba suruali nimeivaa ndani nje na mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Nashukuru. Nimetoka nayo hivyo hivyo Kigoma, nikabadili gari Tabora, nikapeana mikono na shehe na padri, na wote walinitazama kwa upole ambao mimi niliudhani ni heshima. Basi nakaa, mifuko naikalia, na ngano inaanza.

Hapo kale, wanyama walipokuwa mafundi na binadamu ni wateja tu, palikuwa na Pimbi. Alikuwa mdogo hivi, hana mkia, wala hakuwahi kuulizia ulikokwenda. Alikaa kwenye majabali na kazi yake ilikuwa vioo. Aliokota vipande vya chupa, akavipanga rangi kwa rangi, akavitia tanurini. Moto ukalia fuu, fuu, fuu. Kioo kikalainika kama asali. Pimbi akakivuta, akakipinda, akakipuliza kwa mrija wa chuma. Zikatoka shanga, vikatoka vikombe, akatoka samaki wa kijani ambaye wateja walimwamkia kwanza, ndipo wakagundua ni wa kioo.

Kazi hiyo ina sharti moja. Kitu kikitoka motoni hukiuzi, hukishiki, hata kukisifu hukisifu. Unakifukia kwenye jivu la moto siku tatu, kipoe polepole. Ukikiharakisha kinapasuka chenyewe, pa, hata kama hakuna aliyekitazama vibaya.

Ng'ambo ya majabali alikaa Fisi. Fisi hakujua kuvuta kioo, hakujua kupuliza kioo, alijua kufika. Kila siku ya kufukua jivu alifika, akasimama mlangoni bila hodi.

"Kinachong'aa ni changu."

"Na kinachounguza, Bwana Fisi?"

"Hicho chako."

Akabeba shanga, akaenda. Wiki ya pili akafika. Kinachong'aa ni changu, na kinachounguza, hicho chako. Akabeba vikombe, akaenda. Wiki ya tatu akafika, maneno yale yale, akambeba samaki, akawa anamlamba njia nzima akingoja awe mtamu.

Pimbi alivumilia, kwa kuwa Fisi alikuwa na meno na yeye alikuwa na mrija. Lakini wiki ya nne Fisi alileta habari mpya. Alisema amefikiri sana, kichwa kimemuuma, na ameona kubeba vioo kidogo kidogo kunamchosha mgongo. Kwa hiyo siku ya gulio, siku nne zijazo, atasimama mbele ya wanyama wote atangaze kwamba tanuri ni lake, mrija ni wake, na Pimbi ni kifaa kinachokuja na tanuri, kama koleo.

Fisi alipoondoka, Pimbi alikaa akalitazama tanuri lake. Bila tanuri yeye ni nani? Ni mnyama asiye na mkia, amekaa juu ya jiwe. Akahesabu: siku moja ya kazi, siku tatu za jivu. Zinatosha.

Alikuwa na pande la kioo chekundu kilichokoza, lililopoa tangu masika. Akalisugua kwa mchanga na maji, sugu sugu, mpaka likawa laini, lina mng'ao wa ubichi, ini tupu. Akaliweka juu ya jani la mgomba, akanyunyiza chumvi, akakata ndimu pembeni. Kisha akageukia ukuta, akajifanya anafagia.

Fisi alikuja jioni hiyo kukagua mali yake. Hakuuliza. Gulu! Ini likashuka. Tumboni mwa Fisi mna mifupa ya tangu mwaka juzi, na kioo kikaiangukia: kling.

"Bwana Fisi, hapo kwenye jani palikuwa na ini la kioo."

"Palikuwa," akasema Fisi, akijilamba.

"Lilikuwa halijapoa."

Pimbi akamweleza kwa huzuni kubwa. Kioo kisichopoa polepole hupasuka, na kikipasuka, chombo kilichokibeba nacho hupasuka. Fisi akasema mbona anajisikia vizuri. Pimbi akamwomba atembee kidogo. Kling. Arudi. Kling, kling. Fisi akasimama pale pale, mguu mmoja hewani.

"Sasa nifanyeje, dada yangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Pimbi kuwa dada wa mtu.

"Kinachofanyiwa kioo kingine chochote," akasema.

Akamfukia kwenye jivu mpaka shingoni, na kichwa akakipaka jivu lile lile. Masharti ni yale yale: asitikisike, asiseme, na zaidi ya yote asicheke. Siku ya kwanza mjusi aliteleza akaanguka kifudifudi mbele yake. Mashavu ya Fisi yakavimba, machozi yakamtoka, akajizuia. Siku ya pili akawashwa sikio, akajizuia. Siku ya tatu alipita shemeji yake, akamuuliza anafanya nini mle. Fisi akamkodolea macho kama bakuli. Shemeji akaenda zake, na huko alikokwenda akasimulia kwamba Fisi siku hizi ana adabu.

Asubuhi ya gulio Pimbi alimfukua. Umande na jua vilikuwa vimeligandisha jivu mwilini mwake, akawa wa kijivu, mgumu, toka sikio mpaka mkia. Pimbi akamgonga kipaji cha uso, akasikiliza. Akasema nje amepoa vizuri, ndani bado kidogo, avumilie mpaka jioni ndipo atangaze yale ya tanuri. Fisi akakubali kwa kope moja. Akapakiwa kwenye mkokoteni, akashushwa gulioni, akawekwa mkekani kati ya shanga na vikombe.

Wateja waliuliza kama hiyo sanamu inauzwa. Pimbi hakusema ndiyo. Hakusema siyo.

Akaja Mama Mbuni, anayekaa mbugani, mwendo wa siku kumi. Alitaka kitu cha kuweka mlangoni kitishe bweha wasile mayai yake. Akamzunguka Fisi mara mbili. Akasema kazi si mbaya, ila mgongo umeteremka, kama vile fundi aliishiwa vifaa huko nyuma. Pimbi akakubali, akashusha bei kutoka vikapu vitatu vya kunde hadi viwili. Mbuni akasema masikio ni ya wanyama wawili tofauti. Pimbi akakubali, akashusha hadi kimoja. Mbuni akasema na sura, je, fundi alikuwa anapiga chafya? Pimbi akasema basi, kikapu kisijae.

Gulioni hapo, mnunuzi akipiga mguu chini mara tatu mbele ya watu, mali imepata mwenyewe. Mbuni akatua kikapu, akainua mguu. Puu, puu, puu. Akaongeza kwamba akifika ataigeuzia ukutani, watoto wasiione hiyo sura wakati wa kula.

Hapo Fisi akasahau ini.

"Mgongo wangu ni wa kuzaliwa," akasema.

Jivu likamdondoka puani. Gulio zima likageuka kumtazama. Na kwa kuwa alikwisha kusema, akamalizia yote: yeye si sanamu, tanuri ni lake, mrija ni wake, na huyu Pimbi ni kifaa chake, kama koleo.

Nungunungu, msimamizi wa gulio, akamuuliza amesimama upande gani wa mkeka. Fisi akatazama miguu yake. Upande wa bidhaa. Akaulizwa mguu ulipopigwa chini alikuwa wapi. Akasema alikuwa hapo hapo, anapoa.

"Bidhaa haina tanuri," akasema Nungunungu, akaenda kuamua kesi ya vitunguu.

Fisi akamgeukia Mama Mbuni, akaanza kumweleza kwamba yeye ana jina, ana ukoo, ana shemeji. Mbuni akamtia kamba shingoni.

"Ni siku kumi. Tembea."

Akatembea, taratibu sana, kling, kling, kling, mpaka mlio ukapotea. Pimbi akala kunde.

Na mimi hapa ndipo nilipoifikisha; aliye na nguvu aisogeze mbele. Funzo lake, ndugu zangu, ni kwamba biashara ya kazi za mikono inataka ukweli mtupu, na mwenye subira hupata makazi, kama Fisi alivyopata.

Hapo Mzee Shomvi, mmoja wa wasikilizaji, akaniuliza Pimbi alisema ukweli wapi. Nikafikiri. Nikamjibu kwamba alikubali mgongo umeteremka.

"Hilo lilikuwa linaonekana," akasema. "Kula ugali."