Chumba cha Kuonyesha

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya mawe aliyoachiwa na wazee wake, na ndani ya nyumba hiyo alikuwa na shangazi. Nyumba ilikuwa inakufa. Boriti za dari zimeliwa na mchwa, chokaa inadondoka ukutani, na masika yakianza mvua haikujua tofauti ya ndani na nje. Shangazi naye alikuwa anakufa, ila polepole, kama watu wa zamani wanavyofanya kila kitu.

Mtu huyo aliitwa Lali. Shangazi yake, dada wa baba yake, aliitwa Bi Mwanatiki. Hakujaliwa mtoto, na yeye ndiye aliyemlea Lali tangu anatambaa.

Nyuma kabisa ya nyumba kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Humo ndimo walimozaliwa watu wa ukoo ule, na humo ndimo walimooshwa walipokufa. Sakafuni palichimbwa kijifereji cha kutolea maji ya josho. Bi Mwanatiki alimwosha mama yake humo, akawaosha na dada zake. Hakuwa mtu wa kutaka mengi duniani. Alitaka zamu yake ikifika, naye aoshwe pale, atolewe kwa mlango wa nyumba ile. Basi.

Lali akapata habari kwamba ipo kamati mjini inayowapa tuzo watu waliookoa majumba ya kale na kuyapa kazi mpya. Akamwendea shangazi yake, akamwambia, "Shangazi, nyumba hii itatunzwa."

Sasa neno hilo kwetu lina pande mbili. Kutunza ni kulea, na kutunza ni kumpa mtu zawadi mbele ya macho ya watu. Lali alilisema kwa upande wa zawadi, Bi Mwanatiki akalisikia kwa upande wa kulea. Akafunga kanga zake siku ileile, akahamia chumba cha mabati nyuma ya soko, ili mafundi wasije wakamkwaa mtu mzima katikati ya kazi.

Sisemi kazi ilikuwa mbaya. Waongo ndio watakaosema hivyo. Mafundi walichoma chokaa ya matumbawe kama walivyochoma wa zamani, saruji haikukanyaga kizingiti. Boriti mpya za mkoko zikapanda. Vidaka vya nakshi vya kuwekea vyombo ukutani vikasafishwa kimoja kimoja kama meno. Chini pakawa mkahawa, juu pakawa vyumba vya wageni, na nyumba ikavuta pumzi tena. Nyumba ngapi za mji huu zimebaki rundo la mawe na mbuzi juu yake? Aliyeiokoa moja asitukanwe.

Lakini Bi Mwanatiki alikuwa anatuma watu kuuliza, "Wameshakifikia chumba changu cha nyuma?" Jibu likawa, "Bado kidogo, shangazi." Kazi ilipokwisha jibu likawa, "Ngoja kamati ipite kwanza, shangazi, kisha utarudi." Akamwambia jirani yake Bi Saumu, ambaye ndiye mwosha maiti wa kike pale mtaani, "Ile nyumba ni mzee kuliko mimi na inabembelezwa kama mwari. Mimi nimekosa nini, Saumu? Nakshi?" Wakacheka wote wawili, ingawa mmoja wao tayari alikuwa hawezi kuketi bila kuegemezwa.

Akafa asubuhi ya siku ya tuzo. Mauti hayaulizi ratiba ya mtu. Bi Saumu akamfunika, wanaume wakamweka juu ya jeneza la msikiti, wakampeleka kwao akaoshwe. Walipofika, mlango ulikuwa umevishwa maua. Kamati imo ndani, na nusu ya mtaa imo ndani, inakula halua. Lali akaitwa. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

"Fungua, mwanangu," akasema Bi Saumu. "Tumemleta shangazi yako."

Lali alilitazama jeneza. Machozi yalimtoka, hilo lazima lisemwe, hakuwa mnyama. "Bi Saumu, nawaomba mngoje kidogo. Waamuzi wako kule nyuma."

"Maiti hangoji, Lali. Wanaongoja ni wageni."

Ndipo akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake siri ya aibu: "Chumba kile sasa ni cha kuonyesha, si cha kutumia. Sakafu yake haitakiwi kulowa."

 Papo hapo sauti ikapenya kutoka ndani: mkuu wa kamati amesimama mbele ya kibao cha shaba mlangoni mwa chumba, anawasomea wenzake kwamba hapa ndipo wenyeji walipowaosha maiti wao kwa heshima, vizazi na vizazi. Watu wakapiga makofi. Wale waliokuwa karibu na mlango wa nje walikwisha kuliona jeneza Lali alipotoka, na wakaendelea kupiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza.

Wachukuzi wakaligeuza jeneza. Bi Mwanatiki alioshwa nyuma ya soko, kanga zimeshikwa huku na huku kumsitiri, na maji yake yakaenda yakachanganyika na maji ya wauza samaki. Lali alipewa tuzo yake kwa kuirudishia nyumba uhai. Aliipokea kwa mikono miwili. Alipofika makaburini, akihema, ameloa jasho, alikuta watu wanajikung'uta mchanga.

Nyumba hiyo mnaijua. Kila mmoja wenu ameachiwa yake. Kwa huyu ni dini, kwa yule ni lugha, kwa mwingine ni jina tu la wazazi wake. Mnaipaka chokaa, mnaita wageni waione, na wageni wanawasifu, na sifa hizo ni za haki. Ila siku atakapoletwa mlangoni yule ambaye chumba kilijengwa kwa ajili yake, hana sauti, hana zawadi, ana haja ya maji tu, mtamfungulia, au mtamwambia sakafu isilowe?