Kibaba cha Siku ya Harusi

Hapo zamani, na simaanishi zamani ile ya mazimwi, nasema zamani ya kawaida, watu wakilima na kudaiana kama sisi, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wanawake walichimba udongo, wakaukanda, wakafinyanga vyungu. Sasa, mwenye udongo viganjani hawezi kumfuta mtoto kamasi, na mtoto akikaribia chungu kibichi lazima akitoboe kwa kidole. Kwa hiyo watoto walipelekwa kwa Siwema.

Siwema alikuwa na ua mpana, mkeka mkubwa na mapaja yaliyowatosha wote. Akina mama waliompelekea watoto walikuwa watatu. Nyamizi alimpeleka Makoye. Kalunde alimpeleka Shija. Mwavita alimpeleka binti yake, Tabu.

Malipo yalikuwa kibaba cha mtama kwa kila mtoto, kila siku. Na walikubaliana hivi, naomba msikilize vizuri kwa sababu ugomvi wote umelala hapa: mtoto asipokuja, kibaba kinakuja. Akiugua, kibaba. Akienda kwa bibi yake, kibaba.

"Nafasi yake kwenye mkeka sijampa mwingine," alisema Siwema. "Kwa nini nilale njaa kwa sababu yeye yuko kwa bibi yake?"

Wakakubali wote watatu. Lakini hakuna aliyeuliza: je, Siwema mwenyewe asipofungua mlango? Hakuna aliyeuliza kwa sababu Siwema hakuwahi kufunga. Alifungua akiwa na homa. Alifungua hata jino lilipomuuma na shavu likavimba, watoto wakawa wanalibonyeza kwa zamu.

Siku moja akawaambia, "Keshokutwa nafunga. Nkamba anaolewa, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi. Mimi ndiye shangazi yake, na mimi ndiye nitakayemshika mkono kumtoa ndani na kumfikisha kwa mumewe."

"Hongera, dada!" wakasema. "Na sisi tutakuja!"

Habari ya mtama hakuna aliyeitaja. Siwema aliwaza moyoni: kibaba kitakuja. Wale watatu waliwaza mioyoni: kibaba hakiji. Wote wanne wakatabasamu, wakaagana vizuri kabisa.

Siku ya harusi Siwema alivaa kanga mpya, akaketi karibu na mlango wa chumba alimopambwa bibi harusi, akingoja kuitwa.

Wa kwanza kumwona alikuwa Makoye. Aliteleza kutoka mapajani kwa mama yake, akatambaa katikati ya miguu ya wachezaji, akafika, akapanda. Nyamizi alimwona akienda. Alimwona vizuri sana. Akageuka upande wa pili, akapiga kigelegele.

Halafu akaja Kalunde na Shija. "Dada, nishikie huyu kidogo, nikaonje wali."

"Kalunde, leo nimefunga."

"Najua umefunga, dada. Ndiyo maana nasema kidogo."

Siwema akanyoosha mikono, akampokea. Kalunde akaenda kuonja. Akaonja wali, akaonja nyama, akaonja mchuzi, akarudia wali maana ladha yake ya mwanzo alikuwa ameshaisahau.

Mwavita yeye alimfunga Tabu mgongoni. Alicheza naye, alikula naye, aligombana na mawifi naye yuko mgongoni. Kila alipopita mbele ya Siwema alisema kwa sauti, "Wengine tunawabeba wenyewe!"

Mara wimbo wa kumtoa bibi harusi ukaanza. Siwema akataka kusimama. Paja la kulia amelala Makoye. Paja la kushoto amelala Shija, ngumi yake imeng'ang'ania ile kanga mpya. Siwema akampungia Nyamizi mkono aje. Nyamizi naye akampungia. Akamtafuta Kalunde kwa macho. Kalunde yuko jikoni. Akamwita Mwavita. Mwavita akaja, mtoto mgongoni, sahani mkononi.

"Pole, dada," akasema. "Umeelemewa."

Wimbo haukungoja. Akatoka binamu yake Siwema, aitwaye Nyanzala, ambaye tangu Nkamba azaliwe alikuwa hajamwona zaidi ya mara mbili. Nyanzala akamshika bibi harusi mkono. Nkamba akageuza kichwa kutafuta, akamwona shangazi yake ameketi chini, watoto wawili juu yake. Wakatazamana. Kisha Nkamba akafunikwa ushungi, akaondoka na mkono wa Nyanzala.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchoma vyungu. Vyungu vyote vya msimu vilikuwa vimekauka na kuni zimepangwa. Moto wa namna hiyo unataka mikono miwili ya kila mwanamke na hautaki mtoto karibu. Asubuhi akina mama watatu wakafika kwa Siwema. Wakakuta mlango umefungwa, Siwema ameketi kizingitini, mbele yake kapu tupu.

"Kibaba cha jana kwanza," akasema. "Ndipo nifungue."

"Cha jana?" Nyamizi akashtuka. "Jana si ulifunga, dada?"

"Mlango ulifungwa. Mapaja je?"

"Mimi sikumleta Makoye. Alikuja mwenyewe, kwa mapenzi yake. Nilipie mapenzi?"

"Ulimwona anakuja?"

"Nilimwona. Na wewe ulimwona. Mbona hukumrudisha?"

Kalunde akadakia. "Na mimi nilimpa Shija kama mgeni anavyompa mgeni mwenzake. Harusini watu wanashikiana watoto. Tukianza kulipana kwa hilo, kesho tutalipana kwa kusalimiana."

"Nilikwambia nimefunga!"

"Mdomo ulisema umefunga, dada. Mikono ukanyoosha."

Siwema akaitazama mikono yake, maana kweli aliinyoosha.

"Basi mimi niko salama," Mwavita akasema. "Tabu nilimbeba mwenyewe. Kama ni malipo, huu mgongo ndio ulipwe."

"Tabu hakuja," Siwema akamjibu. "Na mtoto asipokuja, tulikubaliana nini?"

"Angekuja wapi, na mlango umefungwa?"

"Hapo amekuweza, dada," Nyamizi akacheka.

"Wewe usicheke!" Mwavita akamgeukia. "Mtu unapungiwa mkono uje, na wewe unapunga!"

"Nilidhani ananisalimia!"

"Lakini, dada," Kalunde akauliza, safari hii kwa upole, "kwa nini hukuwaamsha tu, ukaenda?"

"Wewe umewahi kumwamsha Makoye?"

Hapo hata Nyamizi akatazama chini.

Siwema akavuta pumzi. "Mkono wa Nkamba siwadai. Ule haupimwi kwa kibaba. Nadai mtama wa siku moja, kwa sababu nilipofunga mlango tumbo langu halikufunga, na kwa sababu hata kufunga kwenyewe hamkuniacha nikafunga."

"Na sisi," akasema Mwavita, "siku zote tumelipa watoto wasipokuja. Mlezi asipofungua, tulipe pia? Basi ni lini hatulipi?"

Kutoka uwanja wa vyungu wakwe zao wakapaza sauti: moto umeshawashwa, wako wapi wale? Makoye akaanza kusukuma mlango kwa kichwa.

Siwema akasema, "Mimi siwezi kuwa mdai na mwamuzi. Tuwaulize wapita njia. Wakisema mnalipa, mtalipa. Wakisema hamlipi, nitafungua sasa hivi bila kinyongo. Lakini kuanzia leo, siku msiyoleta mtoto msinipe kitu, na nafasi yake kwenye mkeka nitampa mwingine."

Akina mama wakatazamana. Hilo nalo hawakulipenda. Lakini moshi ulikuwa unapanda, na wapita njia walikuwa wameshasimama.

Wapita njia wenyewe ndio nyinyi. Basi semeni, na haraka. Kuna mtoto aliyekwenda mwenyewe, mtoto aliyekabidhiwa, na mtoto aliyebaki mgongoni kwa mama yake. Je, ni mama yupi anayedaiwa kibaba cha siku ile? Au Siwema, aliyefunga mlango kisha akanyoosha mikono, hamdai mtu?