Jiwe la Nyumba ya Talida

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na kanisa dogo katika bonde moja kavu, kusini mwa nchi ya Misri, na waumini wake walikuwa na desturi waliyojifunza kwa Nabii Eliya. Mvua ikiadimika, hawakukimbilia kuomba. Walitoka kwanza nje ya kijiji, kila nyumba na jiwe lake lililochongwa jina la ukoo, wakayapanga mawe yale kuwa madhabahu, ndipo kasisi akapiga magoti. Maana nabii yule, kabla hajaomba moto wala mvua, aliwaita watu wamkaribie, akaitengeneza madhabahu iliyobomoka, akaweka jiwe kwa kila kabila la Israeli, ingawa makabila hayo yalikuwa yamekwisha kugawana ufalme na kupeana visogo.

Ukaja mwaka ambao visima vilitoa tope. Mbuzi walikufa malishoni, na akina mama wakawa wanachuja tope kwa kitambaa ili watoto wapate cha kunywa. Watu wakafunga, wakatoka na mawe yao. Kasisi wao, Baba Serapioni, alikuwa mzee mcha Mungu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile alisimama mbele ya madhabahu, akainua mikono, na watu wakainamisha vichwa. Wakasubiri, lakini hakuna neno lililotoka.

Kisha akaishusha mikono. "Siwezi kuomba," akasema. "Madhabahu hii imebomoka, na aliyeibomoa ni mimi."

Watu walipigwa na butwaa. Shemasi Kirilo akamsogelea, akamnong'oneza, "Baba, jua limekuchosha. Omba tu, watu wana kiu."

"Jiwe la nyumba ya Talida liko wapi?" akauliza mzee.

Kila mtu alijua. Katika miaka ya mateso, mume wa Talida alikamatwa na askari wa liwali, akapigwa hadi akawaonyesha mahali walipojificha waumini. Aliyeuawa siku hiyo alikuwa mdogo wake Baba Serapioni, wa tumbo moja. Mume yule naye hakuishi sana. Alipozikwa, kasisi aliamuru jiwe la nyumba ile litupwe korongoni, na tangu hapo mjane hakuitwa tena madhabahuni. Miaka yote hiyo mtu huyu wa Mungu alikuwa akihubiri msamaha, na mimi ninayekisimulia kisa hiki bado nashangaa iliwezekanaje.

Akawaacha watu juani, akashuka korongoni kwa fimbo yake. Alifukua mchanga kwa mikono hadi akalipata jiwe, akalibeba kifuani mpaka mlangoni kwa mjane. Umati ulimfuata kwa mbali.

Talida alitoka, akalitazama jiwe, akamtazama mzee. Hakulia wala hakufoka.

"Baba," akasema, "umekuja kwa ajili ya mvua, au kwa ajili yangu?"

Mzee angeweza kusema neno zuri, maana makasisi hatukosi maneno. Shemasi alimkonyeza aseme linalotakiwa, mambo yaishe. Lakini Baba Serapioni alikuwa ametoka kukiri mbele za Mungu, akaona haya kumdanganya mjane.

"Kwa ajili ya mvua, binti yangu," akasema.

"Basi nenda kaombe mvua." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Watu walighadhibika. Wengine walitaka mlango uvunjwe, jiwe liwekwe mahali pake, ibada iendelee. Mzee akawakataza. "Mlango huu niliufunga mimi kabla yake," akasema. Ibada haikufanyika. Wakarudi makwao na midomo mikavu, wakinung'unika kwamba kasisi atawaua watoto wao kwa ukweli wake. Yeye akajifungia chumbani na lile jiwe. Huko, wanasema, alimlilia Mungu amwondolee chuki, akamwombea ndugu yake aliyeuawa, na kwa mara ya kwanza akamwombea mume wa Talida kwa jina lake.

Asubuhi iliyofuata mvua ikanyesha, bila mtu kuiomba. Ilinyesha bonde zima, watu wakatoka na vyungu, wakicheka na kulia. Shemasi Kirilo akakimbia kumwita kasisi aje kuongoza sala ya shukrani, akakuta chumba kitupu.

Mzee alikuwa mlangoni kwa Talida, kanzu imemganda mwilini, jiwe mikononi. Alipobisha, sauti ikatoka ndani.

"Baba, mvua umeshaipata. Unataka nini tena?"

"Jana nilikuja na haja ya mvua," akasema. "Leo nimekuja kwa ajili yako. Nisamehe, binti yangu."

Kisha komeo likaondolewa, na Talida akalipokea jiwe kutoka mikononi mwake.

Ndugu wapendwa, tukisoma habari za Eliya, macho yetu hukimbilia moto ulioshuka, tukaparuka pale alipoinama kupanga mawe. Tunafunga, tunakesha, tunavaa nguo nyeupe, tukadhani tumejiandaa kukutana na Bwana. Mwendee kwanza yule ambaye jiwe lake ulilitupa. Na ukiweza, mwendee siku ambayo huna haja ya mvua.