Pikipiki ya Njuguna

Wahenga walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Msala ni mpya na unapendeza, ila unapita na mwenyewe. Zedekiah Obuya wa mtaa wa Satellite aliikariri methali hiyo tangu shule ya msingi, na bado haikumsaidia.

Mamake, Phoebe, alikuwa amefunikwa macho na mtoto wa jicho. Miaka miwili Njuguna, mwendesha bodaboda wa Waithaka, ndiye aliyempeleka kliniki kule Upper Hill. Aliendesha polepole kama aliyebeba trei ya mayai, huku akimsimulia njia nzima: hapa wanachoma mahindi, pale mjakaranda umechanua. Mama alizipenda safari hizo kuliko dawa zenyewe.

Lakini Zedekiah aliona haya. Karani mzima wa benki, mamake anapandishwa pikipiki! Akanunua gari kuukuu, akamshukuru Njuguna kwa maneno matamu na kumwambia apumzike. Mama aliikunja leso aliyozoea kujifunika magotini safarini, akaiweka chini ya mto.

Kwao, gari la mmoja ni gari la wote. Mwezi haukuisha kabla kanisa halijamfanya mwenyekiti wa usafiri. Jumamosi akasindikiza mazishi Ugenya, Jumapili akabeba kwaya, katikati ya wiki akapeleka mgonjwa wa huyu na bibi harusi wa yule. Na angekataaje? Siku yake angezikwa na nani? Mafuta, bima na gereji vikamla mshahara, na watu wakamla muda.

Ndipo hospitali ikapiga simu. Baada ya kusubiri miezi tisa, mama angepasuliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na atakayechelewa angerudi mwisho wa foleni. Jumapili gari lilirudi kutoka mazishini likichechemea. Jumatatu halikuwaka. Zedekiah alilisukuma hadi shati likamganda mgongoni. Teksi aliyoita ilikwama kwenye msongamano, na saa moja ilikuwa imeshapita. Mama alikuwa mlangoni, leso mkononi.

"Zede, pigia Njuguna," alisema kwa upole.

"Nitamwambia nini, mama?"

"Mwambie niko tayari."

Njuguna alifika kabla ya dakika kumi. Hakuuliza wala hakucheka.

"Mama, umepotea sana," alisema akimfunga kofia. "Twende. Leo niko na mengi ya kukuambia."

Walipenya kati ya magari yaliyosimama, wakafika zikiwa zimebaki dakika sita. Zedekiah, aliyebaki na gari lake, alilia bila kujificha.

Kesho yake bandeji ilitolewa, wanaume wote wawili wakiwepo. Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akampapasa shavu. Kisha akamgeukia Njuguna.

"Kumbe una mvi," alisema, "na unaniita mama."

Walipofika nyumbani aliliona gari kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni ya bluu. Ni nzuri, mwanangu. Iuze."

Zedekiah aliliuza. Siku ya kurudi kliniki Njuguna alikuja tena, na safari hii mama ndiye aliyesimulia njia: pale wanachoma mahindi, kule mjakaranda umepukutisha maua. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.