Pimbi Alivyoipita Miguu ya Nyani

"Ngano hiyooo!"
"Iteremke!"
"Inateremka na mawe!"
"Tumekaa pembeni!"
"Inateremka na vumbi!"
"Tumefumba macho!"

Haya, fumbueni. Mwenye mtoto ampakate vizuri, maana ngano hii ina mtoto ndani yake, na mtoto huyo ana kiu.

Hapo kale, katika nchi ya majabali, mvua iligoma. Iligoma mwezi wa kwanza, ikagoma mwezi wa pili, ikagoma mwezi wa tatu. Mito ikakauka. Madimbwi yakakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, ndani kabisa kati ya majabali mawili, na njia ya kuifikia ilikuwa nyembamba kama mlango wa banda la kuku.

Na mlangoni alilala Nyani.

Hakuwa mgonjwa. Alilala chali kwa kupenda, miguu juu, akawaambia wanyama wote: "Nikisimama, nina mikono miwili kama mnavyoniona. Nikilala, nina minne. Atakayeipita na anywe!"

Na kweli, mguu wa nyani una vidole vya kushikia kama mkono. Wanyama walimwita Bwana Koleo, kwa sababu alichokishika hakikuponyoka. Hata nyani wenzake, ndugu zake wa kuzaliwa, aliwafukuza wote wakahamia mbali, ili maji yabaki yake peke yake. Kuyamaliza hakuweza. Alipenda tu yawe yake.

Akaweka sheria za mieleka. Anayetaka kujaribu aje na chakula, na chakula hicho hakirudi. Aipite miguu, afike ubavuni, alaze kifua chake juu ya kifua cha Nyani, na mwamuzi ahesabu mpaka saba. Ikifika saba, chemchemi ni ya wote. Akishindwa, asirudi tena mpaka mwezi mwingine uandame.

Nyani mwenyewe ndiye aliyemchagua mwamuzi. Alimchagua Kobe. Kobe hakuwa mwongo, hapana, Kobe alikuwa mwaminifu sana. Lakini kati ya moja yake na mbili yake ungeweza kumenya muhogo, ukauosha, ukaubandika motoni. Nani angemlaza Bwana Koleo muda wote huo?

Sasa, juu ya jabali aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, wa mviringo, kama sungura aliyesahau masikio nyumbani. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Chele. Chele alikuwa bado ananyonya, ila maziwa ya mama yalikuwa yamekatika kwa kiu. Tangu jana Chele hakukojoa. Tangu asubuhi hakulia. Pimbi akapapasa utosi wa mwanawe. Umebonyea. Akaupapasa tena, labda kakosea. Umebonyea.

"Bora ungelia, mwanangu," akamwambia. "Hata kidogo."

Chele hakulia. Pimbi akambeba mgongoni, akateremka.

Chini akamkuta Ngiri amekaa vumbini anajikanda shingo, na Swala amesimama kwa miguu mitatu, wa nne kaukunja.

"Shikamooni," akasema Pimbi. "Poleni. Mmetoka kwake?"

"Marahaba, mdogo wangu. Tumetoka kwake," akajibu Ngiri. "Mimi nilimwendea katikati, kichwa mbele, vuuu! Nikasema miguu itapasuka kama mlango mbovu. Akaifunga kiunoni kwangu, kwap! Akanipindua, pu! Nikaiona mbingu. Maisha yangu yote sijawahi kuiona mbingu, shingo yangu haifiki huko."

"Ikoje?" akauliza Swala.

"Kubwa. Haina wingu hata moja."

Swala akahema. "Mimi nilipita juu. Nikasema, asiponigusa atanishikaje? Nikaruka, ruu! Akanidaka kifundo hewani, kwap! Nikatua kwa mdomo."

Pimbi akafikiri. "Katikati hapafai. Juu hapafai. Pembeni je?"

"Pembeni ndiko kwenye njia," akasema Ngiri. "Lakini shika magoti yake kwanza. Ukiacha magoti, nyayo zinakufuata. Yasukume upande huu, wewe kimbilia upande ule. Na viwiko vyako vikae karibu na mbavu, ama sivyo atavinyakua."

"Na uwe mzito," akaongeza Swala.

Wakamtazama Pimbi. Hakuwa na uzito wa kuzuia hata mlango usipigwe na upepo. Lakini hakuna aliyecheka. Ngiri alikuwa amemwona Chele mgongoni. Akainuka pole pole na shingo yake mbovu, akasimama mahali ambapo kivuli chake kingemwangukia mtoto. Swala akamlamba Chele macho, na ulimi wenyewe ulikuwa mkavu kama jani.

"Mwache kwetu, dada," akasema Swala. "Nenda."

Pimbi akaenda. Mkononi alikuwa na kipande kimoja cha ukwaju.

"Hiki ndicho chakula?" akauliza Nyani, amelala chali.

"Ndicho kilichobaki nyumbani, Bwana Koleo."

"Lete!" Akakila na ganda, akala na kokwa, kratu-kratu. "Haya. Leo nacheza na panya. Kobe! Anzisha."

Kobe akatoa kichwa. "Mko... tayari?"

"Tayari!"

"A... nzeni."

Pimbi akashika magoti. Akayasukuma upande huu, akakimbilia upande ule, tuku-tuku-tuku! Mguu wa kwanza ukampita. Loo! Akaona ubavu ule pale, hatua mbili tu. Akaruka, na mguu wa pili ukaja kwa nyuma.

Kwap!

Ukambana kiunoni. Na mguu wa kwanza ukarudi, kwap! Mbavu zikalia, ki-ki-ki. Hewa ikakatika.

"Piga chini mara tatu," akasema Nyani, "nikuachie. Urudi mwezi ukiandama."

Mwezi ukiandama! Pimbi akasikiliza nyuma yake. Alitaka asikie sauti ya Chele, hata kwikwi. Hakusikia kitu. Macho yakaanza kuona giza. Akainua mkono ili apige chini, maana mama aliyekufa naye hamsaidii mtoto.

Hapo ndipo alipomwona kupe.

Alikuwa kwapani mwa Nyani, kavimba kama mbegu ya mbono, na ngozi pembeni yake imewiva nyekundu. Na Pimbi, jamani, moyo wake ulikuwa hivyo hivyo tangu kuzaliwa. Hata akiwa amebanwa.

"Maskini," akasema kwa pumzi ndogo iliyobaki. "Huyu hakuumi?"

"Nani?"

"Kupe. Huyu wa kwapani. Pole. Tulia kidogo."

Akamng'oa kwa meno. Tap!

"Aaah," akasema Nyani.

Na goti moja likalegea.

Lazima mwelewe jambo hili. Nyani hakai bila nyani mwenzake. Kila siku hukaa kwa mstari, huyu anamtafuta yule chawa, yule anamtafuta huyu, na anayetafutwa huinua mkono, hufumba macho, hulegea kama nguo iliyoloa. Ndivyo walivyolelewa na mama zao. Lakini huyu aliwafukuza wote. Tangu siku hiyo hakuguswa na yeyote, ila waliokuja kupigana naye.

Kupe wa kwanza Pimbi alimtoa kwa huruma. Wa pili alimtoa kwa akili.

"Yuko mwingine, mbavuni," akasema. "Lakini goti lako linanizuia, kaka."

"Hili?"

"Hilo. Lishushe kidogo."

Goti likashuka. Pimbi akalipita. Tap! "Aaah."

"Yuko mwingine, juu kidogo. Lakini mguu wako huu wa pili umenikamata."

"Huu?"

"Huo huo. Ulaze tu pembeni, upumzike."

Mguu ukalala. Pimbi akaupita. Tap! "Aaah. Hapo hapo. Kulia kidogo."

"Na huyu wa nyuma ya sikio, mama yangu, mkubwa! Nitamfikiaje? Labda nijilaze hapa kifuani."

"Jilaze, dada, jilaze."

Pimbi akajilaza. Kobe akasafisha koo. "Kifua... juu ya kifua. Moja."

Nyani akashtuka, macho yakafunguka. "Ala! Unanichezea, we kapimbi?"

Pimbi hakutikisika, ingawa moyo wake ulikuwa unapiga ndu-ndu-ndu juu ya kifua cha Nyani. "Kama hutaki nimwache. Ila ana watoto saba nyuma ya sikio."

Nyani akapiga hesabu moyoni. Kobe mpaka afike saba, mimi nitakuwa nimeinuka mara kumi. Kwa nini nikose chemchemi, na kwa nini nikose kuchanwa? Nitavipata vyote viwili.

"Mtoe kwanza," akasema. "Nitainuka baadaye." Akafumba macho.

"Mbili," akasema Kobe.

Pimbi ana ukucha mmoja mrefu kwenye mguu wa nyuma, ndio chanuo lake. Akachana. Kwaru, kwaru. Tap!

"Tatu."

Kwaru, kwaru. Tap! Huko nyuma kimya. Kwa nini wako kimya? Mbona Ngiri hasemi kitu? Usigeuke, Pimbi. Ukigeuka utainua kifua.

"Nne."

Kwaru, kwaru. Tap!

"Tano."

Na kupe wakaisha.

Pimbi akapekua sikio hili. Hakuna. Akapekua shingo. Hakuna. Akachana manyoya matupu. Kwaru... kwaru...

Kobe akafungua mdomo aseme sita. Vumbi likamwingia, akakohoa. Akakohoa tena.

Nyani akafungua jicho moja. "Mbona sisikii ukimng'oa?"

Nyote mngesema nini? Pimbi alikuwa na kinywa kitupu na meno mawili marefu. Akayagonganisha. Tap!

"Huyo hapo," akasema. "Alikuwa amejificha."

"Lo," akasema Nyani, jicho likafumba, "huyo alikuwa mbaya kuliko wote. Nimemsikia mpaka kwenye mfupa."

"Sita," akasema Kobe.

Tap! Hakuna kitu. Tap! Hakuna kitu. "Aaah," akasema Nyani. "Aaah."

"Saba."

Pimbi hakushangilia. Hakupiga kigelegele. Aliruka pale kifuani, Swala akamletea Chele, amembeba mdomoni huku anachechemea, na Pimbi akaingia naye ndani kati ya majabali. Akachovya mkono majini. Akadondosha tone kwenye ulimi wa mtoto. Hakumeza. Akadondosha tone jingine. Likatoka pembeni ya mdomo. Akadondosha jingine, mkono wake wa pili uko kwenye ule utosi.

Nyuma yake wanyama walikuwa wamefika, msururu mzima mpaka nje. Walikuwa wamekaa miezi mitatu na kiu, na maji yalikuwa pale, wazi, yanang'aa. Hakuna aliyeinama kunywa. Hata Fisi, ambaye hamngojei mtu kwenye chakula, alisimama ametazama miguu yake.

Tone jingine.

Koo dogo likapanda, likashuka.

Tone jingine. Na jingine. Kisha Chele akakunja uso, akafungua kinywa, akalia. Alilia kwa hasira! Nyaaa! Nyaaa! Kana kwamba wote pale walikuwa wamemkosea.

"Amelia!" akapiga kelele Ngiri. "Jamani, mtoto amelia!"

Ndipo wakanywa.

Nyani alikuwa bado amelala chali pale mlangoni, wanyama wanamruka.

"Kobe," akasema, "leo umehesabu haraka."

"Nilikuwa... na kiu," akasema Kobe, akapita zake.

Wakapita Digidigi, wakapita Kanga na vifaranga wao. Mwishowe Pimbi akatoka, amelowa mpaka tumboni, Chele anahangaika kwenye titi lake. Nyani akageuka upande, akainua mkono, akaonyesha kwapa la pili, lile ambalo halijaguswa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada," akasema. "Na huku je?"

Pimbi akamtazama. Akatazama mtoto wake. Akakaa chini pembeni yake, kwenye kivuli cha jabali.

"Ngoja anyonye kwanza," akasema.

Basi, wanangu, funzo lake ni hili. Kuchanwa nywele ni hatari kubwa. Nyani alikubali kuchanwa siku moja tu, akapoteza chemchemi nzima. Kwa hiyo ninyi mnaokimbia chanuo kila asubuhi, kimbieni sana, mtakuwa mabingwa wa mieleka. Funzo la pili: ukibanwa na adui, usimhurumie hata chembe. Mmeona wenyewe madhara yake.

"Ngano nimeitua!"
"Tumeipokea!"
"Ikikulemea?"
"Nitamtwika jirani!"
"Jirani akiikataa?"
"Tutaivuta kwa mkia!"