Mheshimiwa na Kichwa cha Kondoo

Wanawake wenzangu, kabla sijaanza, niapieni kwamba haya hayatatoka humu msikitini. Hata mume asiambiwe. Mimi niliyehadithiwa niliapa vilevile, na mnaona nilivyoshindwa. Basi sogeeni.

Kulikuwa na mbunge mmoja wa Kirgizistani, nchi ya mbali yenye milima ya theluji, ambako watu hukamua farasi wakanywa maziwa yake. Msigune, ndivyo walivyo. Alianza kwa kuchunga kondoo, akawa mwalimu, akaingia bungeni mihula mitatu, na kila uchaguzi neno lake ni hilohilo: "Malisho yenu hayauzwi nikiwa hai."

Ikafika siku ya kura: malisho wapewe wachimba dhahabu, au yabaki? Siku hiyohiyo mheshimiwa akatokea kijijini. Wakamchinjia kondoo. Kwao kichwa cha kondoo hupewa mgeni anayeheshimiwa kuliko wote, akikate mwenyewe na kuwagawia wengine. Akapewa yeye.

Mjane mmoja, ambaye farasi wake sita ndio chakula cha wanawe, akamuuliza, "Mwanangu, leo si ndiyo kura? Mbona hukubaki kule bungeni ukasema hapana?"

"Mama, wale wangenibana mpaka nikubali. Nikaona bora nije kwenu. Mkono wangu hautagusa dhambi ile."

Watu wakamwombea dua. Kumbe redio iko pembeni, imewashwa. Ikatangaza: malisho yamekwenda, kwa kura moja tu iliyozidi. Yakasomwa majina ya waliosema ndiyo. La saba lilikuwa lake.

Nani kati yenu angeweza kumeza nyama hapo?

"Redio imekosea," akasema. "Si niko hapa, mnaniona?"

"Tunakuona, na ndiyo maana tunaogopa," akasema mjane. "Nasikia kule kila mbunge ana kadi. Inachomekwa mezani, kitufe kinabonyezwa, na mashine haijui ni kidole cha nani. Hebu tuonyeshe kadi yako, mwanangu."

Akaweka kisu chini. Akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa suruali. Haipo. Alikuwa amemwachia mbunge wa kiti cha jirani, ambonyezee.

Mimi niliposikia hayo mwili ulinisisimka, wala si kwa ajili yake. Sisi je? Tumekaa hapa, ushungi umetulia, tasbihi mkononi, na kadi zetu tumemwachia nani? Humpendi mke wa mwanao. Wewe humtukani, lakini binti yako umemjaza maneno mpaka akaenda kumtukana, halafu unasema, "Mimi sikufungua mdomo." Mnacheka nini? Hata mimi nimefanya. Siku orodha itakaposomwa mbele ya Mola, jina litakuwa la mwenye kadi.

Mheshimiwa nimemwacha palepale, mkono mfukoni, mdomo una mafuta ya kondoo, kijiji kizima kinamtazama. Simwondoi mpaka kila mmoja wetu ajipapase.